KUPANGA MAFUNZO YA WATUMIAJI WA GRIDI YA KOMPYUTA: JEMBE LA SIKU YA KWANZA

1.0 Utangulizi

Wahenga walisema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mkufunzi mmoja wa sayansi ya kompyuta katika chuo kimoja nchini Tanzania aliufuata usemi huu, pasipo kujua kwamba anaufuata, alipopanga mafunzo ya siku tatu mwaka 2008. Siku mbili za mwanzo aliwapa washiriki mihadhara, nao wakaketi kama wageni wanaokirimiwa. Siku ya tatu ndipo walipokaribishwa mbele ya kompyuta ili wajaribu kwa mikono yao. Jembe walipewa, lakini halikulima.

Insha hii inakusudia kukieleza kisa hicho, na kile cha mwaka 2010 kilichokifuata, ili kubainisha mambo ambayo mpangaji wa mafunzo ya namna hii hana budi kuyazingatia. Ingawa mada yenyewe yaonekana kuwa ya mafundi, kiini chake ni suala ambalo wanafunzi wa lugha na walimu wa fani zote wanalifahamu: mtu afundishwe kwanza majina ya vitu, au afundishwe kwanza kuvitumia? Hali kadhalika, afundishwe kwa lugha gani?

2.0 Gridi na Watu Wake

Neno gridi si geni kwa msomaji wa Kiswahili. Mtu yeyote aliyewahi kukaa gizani akisubiri umeme urudi ameisikia gridi ya taifa ikitajwa katika taarifa ya habari. Ian Foster na Carl Kesselman, waliohariri kitabu cha The Grid mwaka 1998, waliutumia mfano huo huo wa umeme. Walitaka mtafiti aweze kupata nguvu za kompyuta kama mtu apatavyo umeme kwa kuchomeka waya ukutani, bila kuuliza mtambo unaoufua uko wapi.

Tofauti baina ya gridi na chumba kilichojaa kompyuta ni umilikaji. Kompyuta mia zilizomo katika chumba kimoja zina mwenyewe mmoja, naye huziamrisha atakavyo. Kompyuta za gridi zimo katika vyuo na maabara mbalimbali, kila kituo kina wakuu wake na kanuni zake, na hakuna anayewaamrisha wote. Kinachoviunganisha vituo hivyo ni makubaliano, pamoja na programu za kati zinazoyatekeleza makubaliano hayo: zinamtambua mtumiaji, zinatafuta kituo chenye nafasi, zinaipeleka kazi huko na kuyarudisha matokeo. Gridi kubwa kuliko zote za kisayansi ni ile inayochambua data za mtambo wa LHC wa CERN, karibu na Geneva, ambayo ina vituo vipatavyo 170 katika nchi zaidi ya 40.

Gridi haikubaki mali ya wanafizikia peke yao. Mwaka 2005, mradi wa WISDOM uliitumia gridi ya Ulaya iliyoitwa EGEE kupima, kwa njia ya hesabu, jinsi mamilioni ya molekuli zinavyoweza kushikamana na protini za kimelea cha malaria. Kazi ambayo ingeichukua kompyuta moja miaka ipatayo 80 ilimalizika katika muda wa wiki sita hivi. Habari kama hizi ndizo zilizomfanya mkufunzi anayezungumziwa hapa aamini kwamba watafiti wa nchi yake, wanaouishi ugonjwa huo na si kuusoma tu, wanapaswa kujua njia ya kuifikia gridi.

Siku ya kwanza ya mafunzo, alipomaliza kuueleza mfano wa umeme, mshiriki mmoja aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, na mgao upo?" Ukumbi mzima ulicheka. Mkufunzi naye alicheka, kisha akaendelea na mhadhara wake. Ilimchukua miaka miwili kutambua kwamba hilo lilikuwa swali bora kuliko yote yaliyoulizwa siku hiyo, na kwamba jibu lake ni ndiyo. Mgao upo. Kila kituo huamua ni nani apewe nafasi, kwa kiasi gani, na nani atangulie. Mtumiaji asiyelijua hilo ataikuta kazi yake imekaa kwenye foleni tangu asubuhi hadi jioni, naye atadhani kwamba kuna kitu kimeharibika.

3.0 Mafunzo ya Mwaka 2008

Mpango wa mafunzo ya kwanza ulirithiwa. Mkufunzi alikuwa amehudhuria mafunzo Ulaya, akarudi na maandishi ya mihadhara yenye michoro mingi, akayapanga upya kidogo na kuyatumia. Mpango huo ulifuata umbo la programu zenyewe, ambazo wakati huo ziliitwa gLite. Somo la kwanza lilihusu usalama, la pili mfumo wa habari, la tatu ugawaji wa kazi, la nne uhifadhi wa data. Kila sehemu ya programu ilipewa saa yake. Hapakuwa na saa hata moja iliyopewa shida ya mshiriki.

Miongoni mwa washiriki alikuwamo mama mmoja mtafiti wa malaria, aliyemzidi mkufunzi kwa umri. Tasnifu yake ilitegemea mfano wa kihesabu wa maambukizi, ambao alihitaji kuuendesha mara 4,000 kwa kubadilisha viwango vya joto, mvua na idadi ya mbu. Kila mara moja ilichukua dakika 40 katika kompyuta yake. Hesabu yake ni nyepesi: dakika 160,000, yaani takriban siku 111 mfululizo, usiku na mchana, bila umeme kukatika hata mara moja. Kwa kompyuta mia moja zinazofanya kazi kwa pamoja, muda huo hupungua ukawa saa 26 na dakika 40. Shida yake ilikuwa mfano halisi wa shida inayoifaa gridi, kwa kuwa kila mwendo haukutegemea matokeo ya mwingine. Hata hivyo, katika siku mbili za mihadhara hakuna aliyemuuliza amekuja kutafuta nini.

Siku ya tatu mambo yalikwama. Ili mtu aingie katika gridi ya wakati huo, alihitaji cheti cha kielektroniki kilichotolewa na mamlaka inayotambulika. Kukipata kulimlazimu mwombaji kuonana ana kwa ana na wakala wa mamlaka hiyo na kumwonyesha kitambulisho, na nchi isiyokuwa na mamlaka yake ilitegemea ya nchi nyingine. Maombi yalikuwa yametumwa wiki moja kabla ya mafunzo. Hadi siku ya tatu hakuna cheti cha mshiriki hata kimoja kilichokuwa kimefika.

Mshiriki mmoja alishauri kwamba wote watumie cheti cha mkufunzi. Mkufunzi alikataa, na hapa alifanya sawa. Cheti ni cha mtu mmoja, na kituo kilichoko nchi nyingine hukubali kazi ya mgeni kwa sababu tu kinajua ni ya nani. Aliamua kuwaonyesha yeye mwenyewe huku wao wakitazama ukutani. Hilo nalo liligoma. Kila alipojaribu, ujumbe ulimwambia kwamba kitambulisho chake hakikubaliki. Baada ya saa moja na nusu iligunduliwa kwamba saa ya kompyuta ya kuingilia ilikuwa imetangulia kwa dakika ishirini. Hati aliyoitengeneza sasa hivi ilionekana, kwa kituo cha mbali, kuwa ni hati ya wakati ambao haujafika. Ujumbe wa kosa haukutaja saa hata kidogo.

Wakati huo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari zilikuwa bado hazijafika katika pwani ya Afrika Mashariki. Waya wa SEACOM ulianza kazi mwaka 2009. Mawasiliano yalipitia satelaiti, na kila herufi iliyopigwa ilichelewa kuonekana. Kazi moja tu ilifanikiwa kutumwa, nayo ilipoingia kwenye foleni muda wa mafunzo ulikuwa umekwisha.

Fomu za tathmini zilisema kwamba mafunzo yalikuwa mazuri sana. Mama mtafiti hakuandika chochote. Alimfuata mkufunzi mlangoni akamwambia kwa upole, "Mwalimu, nimejifunza jina la kila chombo cha jikoni. Chakula sijakionja." Kisha alirudi kwao, mwendo wa siku nzima kwa basi, na zile siku 111 zake zikiwa bado zinamngoja.

4.0 Kupanga Upya

Mwaka 2010 mkufunzi alipotakiwa kuandaa mafunzo mengine, aliyaweka kando maandishi yake ya mwanzo. Alianza na barua. Kila aliyeomba nafasi alitakiwa kujibu swali moja: una kazi gani ambayo kompyuta yako haiimalizi? Waombaji walikuwa 24. Majibu yao yalimfundisha mengi kuliko alivyotarajia. Wapo waliokuwa na majedwali makubwa ya mahesabu ambayo yangemalizwa na programu ya kawaida iliyoandikwa vizuri. Wapo waliokuwa na hesabu ambayo kila hatua yake hutegemea hatua iliyotangulia, kiasi kwamba kompyuta elfu moja zisingeiharakisha kuliko moja. Hao walijibiwa kwa heshima kwamba gridi si dawa ya shida zao, na wakaelekezwa kwingine. Waliobaki walikuwa 15, na mama mtafiti alikuwa mmojawapo. Kumwambia mtu ukweli kabla hajapanda basi ni sehemu ya ufundishaji.

Suala la vyeti lilitatuliwa kwa kuitenganisha gridi ya kujifunzia na gridi ya kazi. Tangu mwaka 2004, taasisi ya fizikia ya nyuklia ya Italia, INFN, ilikuwa imeanzisha huko Catania gridi ya mafunzo iliyoitwa GILDA, yenye programu zile zile lakini iliyotengwa kwa wanaojifunza, na yenye vyeti vyake vya muda mfupi. Mwanafunzi aliweza kukosea humo bila kumsumbua mwanafizikia anayengoja matokeo. Wakati huo huo, kila mshiriki alianza siku ya kwanza kujaza maombi ya cheti halisi, ili kiwe njiani wakati yeye anajifunza.

Ratiba nayo iligeuzwa. Saa ya kwanza ya siku ya kwanza, kabla ya mchoro wowote, kila mshiriki alituma kazi moja ndogo kabisa: kazi inayoiamuru kompyuta itakayoipokea itaje jina lake, basi. Waliituma kabla ya chai, kwa kuwa foleni haina haraka ya mwalimu, na walipotoka kwenye chai wakayachukua majibu. Kila mmoja alikuta kwenye kioo chake jina la mashine asiyoijua, katika nchi ambayo wengi wao hawajawahi kuikanyaga. Ukumbi ulijaa sauti. "Yangu imekwenda wapi?" "Mbona yako imerudi na yangu bado?" Maswali ambayo mihadhara ya mwaka 2008 ilikuwa imeyajibu kabla hayajaulizwa, sasa yaliulizwa na wenyewe, na kila somo lililofuata lilikuwa jibu la swali la mtu.

Siku ya pili ilitengewa makosa. Mkufunzi alitayarisha kazi kumi zilizoharibiwa kwa makusudi: moja ilikosa faili, nyingine iliomba saa nyingi kuliko kituo kinavyoruhusu, nyingine ilitumwa kwa hati iliyokwisha muda. Washiriki walifanya kazi wawili wawili kutafuta ugonjwa wa kila moja. Aidha, kila mmoja alipewa vipande viwili vya karatasi, chekundu na cha kijani. Aliyekwama alibandika chekundu juu ya kompyuta yake na msaidizi akamfuata. Desturi hii hutumika pia katika mafunzo ya Software Carpentry, yaliyoanzishwa mwaka 1998. Manufaa yake ni makubwa mahali ambapo mtu mzima huona haya kusema mbele za watu kwamba hajaelewa. Palikuwa na msaidizi mmoja kwa kila washiriki watano.

Siku ya tatu kila mtu alishika kazi yake mwenyewe. Mama mtafiti aliigawa miendo yake 4,000 katika mafungu 100 ya miendo 40. Alishauriwa atume kwanza fungu moja lenye miendo miwili tu, aone kama yatarudi salama. Hayakurudi salama, njia ya faili moja ilikuwa imeandikwa kwa namna inayofaa kompyuta yake peke yake. Alirekebisha, akatuma tena, yakarudi. Jioni hiyo hakuwa amezimaliza siku zake 111. Alikuwa ameona tu kwamba zaweza kumalizwa, na ameona kwa mikono yake.

5.0 Suala la Lugha

Mafunzo ya mwaka 2008 yaliendeshwa kwa Kiingereza, kwa hoja kwamba amri za programu ni za Kiingereza. Yale ya 2010 yaliendeshwa kwa Kiswahili, na amri zikaachwa kama zilivyo. Uamuzi huu haukuwa wa ajabu. Tayari mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa umetoa programu za ofisi kwa Kiswahili kwa jina la Jambo OpenOffice. Hata hivyo, matokeo yake yanafaa kuzingatiwa na wanaisimu.

Kwanza, Kiswahili kilifichua mahali ambapo mkufunzi mwenyewe hakuwa ameelewa vizuri. Mtumiaji wa gridi hatumi cheti chake kisafiri na kazi. Hutengeneza hati nyingine ya muda, kwa kawaida ya saa 12, inayosafiri kwa niaba yake. Mkufunzi aliiita hati hiyo wakala. Washiriki walikanganyikiwa, kwani wakala kwao ni mtu, tena mwenye kudai ujira wake. Mzee mmoja ndiye aliyetoa suluhisho. Alisema kwamba jambo hilo ni kama barua anayompa mpwawe aende bandarini kumtolea mzigo. Barua ina jina la mwenye mzigo na ina tarehe ya mwisho. Mpwa akiipoteza njiani, aliyeiokota hatafaidi siku nyingi. Tangu hapo iliitwa hati ya uwakilishi, na hakuna aliyeuliza tena kwa nini iwe ya saa 12 badala ya mwaka mzima.

Pili, Kiswahili kilitoa onyo ambalo Kiingereza kilikuwa kimelificha. Hali mojawapo ya kazi katika gLite ilitafsiriwa "imekwisha". Washiriki walicheka, kwa sababu kitu kilichokwisha huenda kimekamilika na huenda kimeangamia. Kicheko hicho kilikuwa na elimu ndani yake. Katika gridi kazi huweza kufika mwisho wake ilhali haikufanya ilichotumwa, na hali inayoonekana ikawa ile ile. Kwa hiyo washiriki walikubaliana kutumia maneno mawili: kazi imekwisha, kisha, baada ya kuyafungua matokeo na kuyahesabu, kazi imefaulu. Tofauti hiyo ya maneno iliwaokoa baadaye na makosa mengi.

Haidaiwi hapa kwamba Kiswahili kinatosheleza kila istilahi ya fani hii. Kinachodhihirika ni kwamba mshiriki anayeruhusiwa kuuliza kwa lugha anayoifikiria huuliza mapema, na swali la mapema hugharimu dakika tano, wakati swali lililomezwa hugharimu siku.

6.0 Kipimo cha Mafunzo

Fomu ya tathmini inayojazwa saa ya mwisho, wakati watu wanangoja vyeti vya mahudhurio, hupima ukarimu wa waliojaza. Mkufunzi aliamua kupima kwa namna nyingine. Baada ya miezi sita aliwauliza washiriki wote 15: ni nani ametuma kazi yoyote wiki hii? Walioitikia walikuwa watano. Idadi hiyo ilimhuzunisha mwanzoni. Alipowafuatilia waliosalia, alikuta kwamba wengi hawakushindwa na programu. Vyeti vyao halisi vilichelewa, na hawakuwa na mtu wa kumuuliza baada ya wasaidizi kutawanyika. Kwa maneno mengine, mpango ulikuwa na mwanzo na katikati, lakini haukuwa na kesho yake.

Mama mtafiti alikuwa mmoja wa wale watano. Miendo yake haikumalizika kwa saa 26 kama hesabu ya karatasi ilivyoahidi. Ilichukua wiki tatu, kwa sababu ya mgao, foleni na makosa. Zaidi ya mafungu kumi yalirudi matupu, naye akayatambua kwa kuyahesabu, akayatuma upya. Wiki tatu si saa 26, lakini pia si siku 111. Tasnifu ilikamilika.

Kuhusu maarifa yaliyofundishwa, sehemu kubwa ya amri za wakati huo imepitwa na wakati. EGEE ilimalizika mwaka 2010 na nafasi yake ikachukuliwa na EGI. Msaada kwa Globus Toolkit, zilizokuwa msingi wa gridi nyingi, ulikoma mwaka 2018. Vyeti vile vilivyowatesa washiriki vinaendelea kuachiwa nafasi na njia nyingine za utambulisho, ambazo humwezesha mtafiti kuingia kwa jina lake la chuoni. Mpango wa mafunzo uliofuata umbo la programu ulikufa pamoja na programu. Ule uliofuata shida ya mtafiti bado unatumika: gawa kazi, jaribu kidogo kwanza, hesabu kilichorudi, usimwazime mtu hati yako, na kumbuka kwamba mashine unayoitumia ina mwenyewe.

7.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyoelezwa, mpangaji wa mafunzo ya watumiaji wa gridi anashauriwa aanze na shida za washiriki kabla ya sehemu za programu. Aipe kazi ya mikono nafasi ya kwanza katika ratiba. Aitenge siku ya makosa. Afundishe kwa lugha ambayo washiriki huulizia maswali yao. Na aandae msaada wa miezi itakayofuata kwa uzito ule ule anaouandalia ukumbi na chai. Usemi wa wahenga kuhusu mgeni na jembe haukukosea. Uliosemewa ni mgeni, na aliyekuja kujifunza si mgeni. Jembe lake ni la siku ya kwanza.

Mafunzo ya tatu yalipofanyika, mama mtafiti alialikwa kuwa msaidizi. Alifika jioni ya kuamkia siku ya kwanza, akaomba funguo za ukumbi, na kabla hajaketi akaenda moja kwa moja kwenye kompyuta ya kuingilia kuitazama saa yake.